Njugu Gani?

Jumamosi, 2 Machi

Mkwe wangu,

Naandika kwa sababu kwenye simu sisikii vizuri, na wewe unasema upesi upesi kama mtu anayefukuzwa. Wiki iliyopita nilikuuliza mtoto anaendeleaje, ukanijibu "anakimbia", mimi nikasikia "anaumia". Nilishinda siku nzima nikimwombea. Karatasi haina kelele, kwa hiyo tuitumie.

Jana mwanangu alipita hapa na gari lake la vifurushi akanirudishia karanga nilizompelekea mjukuu wangu. Kopo ni lile lile, na uzi ni ule ule nilioufunga mimi, haujafunguliwa. Akasema, "Mama, nyumbani siku hizi hatuli karanga." Nikamuuliza kwa nini. Akaangalia viatu vyake. Nikamuuliza na ile safari yangu ya kuja kwenu mwezi ujao? Akasema, "Tusubiri kidogo kwanza." Na hapo pia akaangalia viatu. Mtoto huyo nimemzaa mimi, akificha jambo utadhani viatu vyake vimeandikwa kitu.

Mimi nimekula chumvi nyingi, mkwe wangu. Najua mama mkwe asiyetakiwa huambiwa asubiri kidogo. Kama nimekukosea, niambie. Kama ni moshi na harufu ya kaango, sema. Ni kweli mimi ni mkaanga karanga, na kwa karanga hizo hizo huyo mumeo alikula, akavaa, akasoma, akapata leseni ya kuendesha gari. Sioni haya, na sitaanza kuona leo.

Msalimie mume wangu Kipara. Nasikia ameota nywele, lakini jina nililompa halibadiliki hata akisuka. Mwambie mke wake mkubwa bado yupo hai na ana wivu.

Ni mimi mama mkwe wako,
Mama Moto Mdogo


Jumatano, 6 Machi

Shikamoo Mama,

Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikaisoma tena nimekaa, na mara zote mbili imenichoma.

Kwanza tukubaliane: tusimtume tena Baba Kipara maneno. Abebe barua zikiwa zimefungwa, basi. Mume wangu ni dereva mzuri, kifurushi akikipokea kizima anakifikisha kizima, ila maneno yanamwagikia njiani. Mimi aliniambia amekueleza kila kitu kuhusu mtoto, na kwamba ulijibu, "Hakuna shida, nimeelewa." Kumbe hukuambiwa hata nusu. Jana nilipombana, alifanya kama ulivyosema. Aliangalia viatu.

Sasa nakueleza mimi. Mjukuu wako ana mzio, yaani vipo vyakula ambavyo mwili wake unavipiga vita kama adui. Alipokuwa na miezi kumi alilishwa karanga kwa jirani. Uso ulivimba mpaka macho yakafunga, mwili ukatoka mabaka, akaanza kukoroma akivuta pumzi. Nilimkimbiza hospitali mguu mmoja peku, kiatu kimoja nilikiacha barabarani na mpaka leo sijui kilikwenda wapi. Walimchoma sindano, akatulia. Wakasema karanga zisiingie nyumbani kabisa mpaka akue kidogo apimwe. Baadaye tukagundua mayai na maziwa nayo hayapatani naye.

Tangu siku ile nasoma nyuma ya kila pakiti kabla haijaingia jikoni. Mkate wa duka la kona nimeuacha kwa sababu muuzaji anatafuna karanga huku anaishika mikate. Watu wananiona nina kiburi. Waache wanione.

Hujanikosea, Mama. Harufu ya kaango lako naipenda. Siku nilipoletwa kwenu kutambulishwa nikiwa na hofu, ni hiyo harufu iliyonituliza. Lakini siwezi kukuacha utoke kwenye kaango umbebe. Unga wa maganda umo kwenye nguo zako, kwenye kucha, kwenye nywele. Nimesema waziwazi kwa sababu umetaka hivyo. Ukikasirika, kasirika, ila usiseme sikutaki.

Mkweo,
Mama Kipara


Jumapili, 10 Machi

Mkwe wangu,

Nimekasirika, halafu nimepoa, halafu nimekasirika tena lakini safari hii kwa mwanangu. Alipokuja kuchukua barua hii nimemnyima chai. Amekaa pale kwenye benchi kama mteja aliyekosa chenji.

Kuhusu mtoto, sikujua. Wallahi sikujua. Ningejua kuwa alifikia kukoroma namna hiyo, lile kopo nisingelipeleka hata hatua moja. Mwezi mzima nimekaa nikikutukana kimoyomoyo, kumbe wewe unapigana vita peke yako. Basi yale matusi yote nayarudisha nilikoyatoa.

Lakini nami nina langu la kusema, nisipolisema litanikaba. Mwanangu, unajua ni vigumu kiasi gani kusoma kwamba mikono yako ni sumu? Mikono hii ilimwogesha mtoto huyo wiki yake ya kwanza duniani, wewe ukiwa huwezi hata kuinama. Mikono hii hii. Kazi yangu ndiyo iliyotulisha sote, na sasa ndiyo inayonifungia mlango. Nakaanga, napepeta, nauza, watoto wa watu wanakuja kununua na kunishika nguo, wangu mwenyewe simgusi. Naona uchungu, sikufichi.

Niambie ilikuwaje siku ile. Nataka kusikia kwa mdomo wako, au kwa kalamu yako, tangu mwanzo. Hadithi ya mwanangu, ile redio mbovu, nimeisikia, ilikuwa na maneno manne tu.

Mama Moto Mdogo


Ijumaa, 15 Machi

Shikamoo Mama,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kiwandani tumezidiwa. Ni msimu wa harusi na kadi zote zinapita mikononi mwangu zisomwe kabla hazijachapwa. Jana nimeokoa boksi zima. Mteja alileta kadi imeandikwa "Mahari: ukumbi wa mikutano, mkabala na benki." Alitaka kuandika "mahali". Mwenye mashine alisema kama mahari yenyewe ni ukumbi mzima, basi baba mkwe amejilia vizuri. Tulicheka mpaka karatasi zikakwama. Nimekuandikia hili ili ucheke, maana linalofuata halichekeshi.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kazini baada ya uzazi. Mtoto nilimwacha kwa mshona mapazia, yule jirani yetu wa mlango wa pili, mwanamke mpole ambaye hata mbu humfukuza kwa kumpungia. Mchana akanipigia simu analia: "Mama Kipara, njoo, nimempa uji wa njugu, akanywa vizuri tu, mara uso unavimba!" Nilitoka mbio na wino mikononi. Hospitali daktari akauliza amekula nini. Nikasema njugu. Akauliza, "Karanga?" Nikasema ndiyo. Ndivyo ilivyokuwa. Mshona mapazia mpaka leo hajajisamehe, na mimi sikumlaumu, maana hakujua.

Sasa nami nina swali. Juzi mshona mapazia aliniambia kitu. Anasema mwezi uliopita, mtoto akiwa anacheza mlangoni kwake, mama mmoja mtu mzima alisimama ng'ambo ya barabara na magunia matupu begani. Alisimama muda mrefu. Mshona mapazia alipomkaribisha, akauliza tu, "Huyo ndiye Kipara?" Akaambiwa ndiye. Akasema, "Amefanana na babu yake," akaenda zake.

Mama, jina hilo la Kipara hapa mtaani tunalijua sisi na mshona mapazia tu. Ulikuwa wewe?

Mkweo,
Mama Kipara


Jumanne, 19 Machi

Mwanangu,

Nilikuwa mimi.

Nilikwenda mjini kununua magunia na miguu ikanipeleka yenyewe. Nilikuwa nimevaa nguo za kazi, na mwanangu alikuwa amenidokeza tu kwamba mtoto "hapatani na vumbi la karanga". Sikuelewa, nilidhani ni maneno ya kunizuia, lakini nilipomwona mtoto nikaogopa yasije yakawa kweli. Nikaweka mikono nyuma. Alinipungia, mwanangu! Ananipungia mimi asiyenijua, na mimi nampungia kwa kichwa kama mbuzi. Sikukuambia kwa sababu ungeniona naomba, na mimi kuomba sijazoea. Basi, tuliache hilo.

Sasa soma hapa vizuri, ikibidi vaa miwani ya kazini.

Umeandika "uji wa njugu". Njugu gani?

Mimi hapa nimekaanga tangu mumeo hajaota meno, na nakuambia, kwetu karanga ni karanga. Mtu akija kwangu akisema anataka njugu, namwelekeza kwa mama wa mbele anayeuza zile za duara, ngumu kama gololi, njugu mawe, zinazochemshwa mpaka kuni zinaomba msamaha. Najua wewe ulikokulia karanga mnaziita njugu, nilikusikia siku ya kwanza na nikacheka pembeni. Lakini mshona mapazia ametokea wapi? Kwao njugu ni kitu gani? Na uji wenyewe aliutia nini kingine?

Muulize. Muulize leo. Kwa sababu kama ni zile za duara, basi mjukuu wangu hajawahi kula karanga maisha yake yote, na mimi nafungasha. Wiki ijayo unioneshe kitanda.

Mama Moto Mdogo


Jumapili, 24 Machi

Shikamoo Mama,

Usifungashe. Sikia kwanza.

Niliposoma swali lako nilihisi kama mtu aliyechapa kadi elfu na kosa liko kwenye jina la bibi harusi. Mimi ambaye kazi yangu ni kukamata maneno ya watu, neno langu mwenyewe limenipita mlangoni likavaa na kofia. Nilikwenda kwa mshona mapazia huku mtoto yuko kiunoni. Nikamuuliza, "Dada, siku ile zilikuwa njugu gani?" Akaniangalia kama nimemuuliza jua ni la rangi gani. Akaingia ndani, akarudi na kiganja kimejaa, akanimwagia mezani juu ya kitambaa cha pazia. Ni za duara. Ngumu. Moja ilidondoka ikabingirika mpaka chini ya cherehani.

Nikamuuliza aliutia nini uji ule. Akasema, "Nilisaga unga, nikapika, nikakorogea na yai moja ili mtoto apate nguvu." Yai, Mama. Yai ambalo sisi tulikuja kulijua baadaye kwa njia yake, na hatukuwahi kuyaunganisha mambo hayo mawili.

Nililia pale pale. Mshona mapazia naye akalia, akidhani nimeanza kumlaumu. Tulichukua muda kuelewana.

Jana nikaenda kwa daktari wa watoto, yule mpya mwenye mwanya, msikivu sana. Nilidhani atasema, "Basi, mpe karanga." Hakusema hivyo. Akaniambia, "Mama, habari hii haituambii kwamba karanga ni salama. Inatuambia kwamba hatujui." Mtoto mwenye mzio wa mayai na ngozi yenye mabaka ana hatari ya kuwa na mzio wa karanga pia, hata kama hajawahi kuonja. Lakini akasema pia kwamba kuendelea kumfungia si ulinzi, kwamba mwili wa mtoto unahitaji kukijua chakula mapema, na kadiri tunavyochelewa ndivyo unavyozidi kukiona kigeni. Anataka kumpima kwanza kwenye ngozi, kwa karanga na kwa hizo njugu mawe pia, na majibu yakiruhusu amlishe karanga hapo hapo kliniki, dawa zikiwa karibu. Akanikanya nisithubutu kujaribu nyumbani.

Siku imepangwa, ni Jumanne tarehe 9 Aprili. Baba Kipara anasema twende. Mimi nimekubali kwa mdomo, lakini moyo haujakubali. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mwaka karibu mzima nimeishi kwa kumkinga na kitu hiki, sasa nichukue kijiko nimtie mdomoni kwa mkono wangu mwenyewe? Na ikiwa ni kweli? Ikiwa uso ule utavimba tena, na safari hii ni mimi niliyemlisha?

Daktari amesema tuje na karanga zilizosagwa laini kabisa, tupu, bila chumvi wala kitu kingine. Nimefikiria kwamba zikiwa ni zako nitaogopa kidogo zaidi. Utatusagia?

Mkweo, na mwanao,
Mama Kipara


Alhamisi, 28 Machi

Mwanangu,

Barua yako imenipa heshima ambayo sijawahi kupewa na mtu, na nitaikataa.

Sikiliza. Mara tu nilipomaliza kuisoma niliinuka nikachagua karanga moja moja, nzima, zisizo na doa, kama mtu anayechagua mahari. Nikaosha kinu. Nikakiosha tena. Nikakikausha juani, nikakitazama, halafu nikaketi chini. Kinu hiki kimetwanga ufuta wa mama wa mbele, kimetwanga korosho za mteja wangu wa Ijumaa. Kaango nalo limeona kila kitu. Naweza kuliosha mpaka likawa jembamba, siwezi kukuapia kwamba mle ndani mna karanga peke yake. Na daktari amesema tupu. Mtoto akivimba kwa ufuta wangu, tutasema ni karanga, na tutakuwa tumedanganyika kwa mara ya pili.

Kwa hiyo nenda dukani, nunua kopo lililofungwa kiwandani, lililoandikwa karanga tupu, wewe mwenyewe ni msomaji wa makopo. Sikuwahi kufikiri siku moja nitamshauri mtu anunue karanga za watu wengine. Majirani wasijue.

Na hizi nilizochagua nimezila mimi. Zilikuwa nzuri.

Unauliza ikiwa ni kweli. Nami najiuliza hivyo hivyo. Umenidhania mimi ni jasiri kwa sababu ya barua zangu za makelele, lakini tangu Jumatatu nikikaanga mkono unasita. Nazitazama karanga, najiambia, hizi zinaweza kumuua mume wangu. Wateja wamelalamika mafungu mawili yameungua, jambo ambalo halijatokea tangu niolewe.

Lakini nenda. Nakuambia nenda. Ukiacha, utamlinda leo na kesho, halafu ataanza shule, atakaa benchi moja na mtoto aliyejaza karanga mfukoni, na wewe hutakuwepo na daktari hatakuwepo. Afadhali jambo hili litokee mbele ya watu wenye sindano kuliko mbele ya watoto wenzake. Wala hutakuwa wewe uliyemdhuru. Mama anayemshika mtoto akichomwa sindano ya chanjo, nani amewahi kumwita mkatili?

Ikiwa majibu ni mabaya, mimi nitaacha kaango. Usishtuke na usibishane, nimeshaamua. Nitauza maandazi, au nitauza viazi, watu hawakosi cha kutafuna. Mjukuu nitamshika, kwa njia hii au ile. Kwa hiyo usiingie kliniki na mzigo wangu kichwani. Beba wa kwako tu.

Mama yako,
Moto Mdogo


Jumanne, 9 Aprili, kliniki

Mama,

Naandika hapa hapa kwenye kiti, nyuma ya karatasi ya sampuli niliyoikuta kwenye mkoba, kwa sababu nisipofanya kitu nitatafuna kucha mpaka kiwiko. Baba Kipara amekaa upande wa pili na mtoto mapajani. Anaimba wimbo wa matangazo ya sabuni, ndio pekee anaoujua mpaka mwisho.

Kipimo cha ngozi kimeisha. Walimwekea matone kwenye mkono, wakachoma kidogo juu ya kila tone. Alilia kwa hasira, si kwa maumivu, alimtazama nesi kama mtu aliyedhulumiwa kiwanja. Tone la yai limevimba kama alivyotabiri daktari, na la maziwa pia. La njugu mawe, hakuna kitu. La karanga, hakuna kitu. Nikauliza, "Basi ndiyo imeisha?" Daktari akasema hapana, ngozi imesema lake, sasa tulisikilize tumbo.

Amechanganya karanga za kopo na maji ya uvuguvugu mpaka zikawa nyepesi kama uji. Akanipa kijiko mimi. Alisema anaweza kumlisha nesi nikipenda. Nikasema nitamlisha mwenyewe. Mama, ncha ya kijiko iligonga jino lake. Alionja. Alikunja uso. Akakaa akifikiri. Sasa tunasubiri.

Ananitazama. Nami namtazama. Sijawahi kumkodolea mtu macho namna hii, hata baba yake enzi zile.

Kijiko cha pili, kimeongezwa kidogo.

Mama, ametoka wekundu. Upande wa kushoto wa mdomo, chini kidogo, baka

Nimerudi. Nisamehe, nilitupa kalamu. Nesi alikuja, daktari akaja, wakamvua shati wakamtazama tumbo, mgongo, ulimi, wakasikiliza kifua. Baba Kipara aliacha kuimba. Daktari akamfuta mdomo kwa kitambaa chenye maji, akasema, "Tusubiri, mama. Panapofikiwa na mate panaweza kuwa pekundu tu." Tukasubiri. Sijui ni muda gani, nilikuwa nimefumba macho.

Nilipofumbua, baka lilikuwa linafifia. Halafu likawa kama alama ya kidole. Halafu sikuliona tena, na nililitafuta kweli kweli.

Sasa vijiko vyote vimeisha. Amekula kipimo chote cha daktari. Tumekaa mpaka wagonjwa waliotukuta wameondoka na wengine wamekuja. Hajavimba. Hajakoroma. Hajatapika. Amelamba kijiko, akalamba kikombe, akamshika nesi sketi akasema, "Ena!" Hilo ni "tena" yake, Mama. Anataka tena. Amelia aliponyang'anywa kikombe, na mimi nikalia naye, na Baba Kipara akaangalia viatu, ila safari hii si kwa uongo, machozi yalikuwa yanadondokea pale.

Daktari amesema hivi: karanga anakula. Si punje, punje ni marufuku mpaka awe mkubwa wa kutafuna kwa akili, maana zinaweza kumkaba. Anakula zilizosagwa laini, kidogo kidogo, mara kadhaa kila wiki bila kuacha, ili mwili usije ukasahau. Njugu mawe nazo zimepangiwa siku hapa hapa. Korosho, ufuta na nyingine asile bado, zitakuja moja moja, ila vumbi lake nguoni daktari hana hofu nalo. Mayai na maziwa bado ni marufuku, tutapima tena mwakani, na ana matumaini. Nikamuuliza la mwisho, nililolibeba tangu asubuhi: bibi yake ni mkaanga karanga, je, anaweza kumbeba? Daktari akacheka, mwanya wote ukaonekana. Akasema, "Huyo bibi mbona hayupo hapa?"

Mama, karanga ziendelee kukaangwa. Njoo.

Mwanao,
Mama Kipara


Ijumaa, 12 Aprili

Mwanangu,

Mwandiko ukiwa mbaya usinilaumu, lawama ni za barabara.

Mwanangu alifika asubuhi na barua yako. Safari hii hakuangalia viatu hata kidogo, aliniangalia usoni huku anatabasamu kama mjinga, nikajua kabla sijafungua. Nimeisoma nikiwa nimeegemea mlango. Nilipofika kwenye lile baka la mdomoni nilikaa chini kwenye vumbi, na mama wa mbele akaja mbio na maji, akidhani nimepata msiba. Nikamwambia soma, soma hapa, "ena". Tukapiga vigelegele wawili sisi, wateja wakashangaa, kaango likaungua. Sasa ni fungu la tatu. Liungue.

Huyo daktari mwenye mwanya umsalimie. Nitampelekea karanga, ila zile za punje, yeye ni mtu mzima atajitafunia.

Nikaketi kukujibu. Nilikuwa nimeshaandika tarehe na "mwanangu", na mumeo yuko pale nje anawasha gari, ananiambia, "Mama, harakisha barua, nachelewa." Nikaitazama karatasi. Nikajiuliza, hivi kwa nini barua ipande gari, mimi nibaki hapa nikisubiri jibu?

Basi nipo ndani ya gari la vifurushi, kati ya redio ya mtu na magodoro ya mtu mwingine. Nguo ni za kazini, sikubadilisha, ningebadilisha ningeachwa. Kaango nimemwachia mama wa mbele na amri moja tu, moto mdogo. Mwanangu anaendesha taratibu kuliko kawaida yake, nadhani anaogopa nisije nikadondoka barabarani kama kiatu chako.

Barua hii nitaikunja niitie kifuani, haipiti kwa mtu. Nitabisha hodi mwenyewe. Unipe mtoto kwanza, ndipo nikupe barua.

Mama